Tulikwenda Kumsalimia Mjusi Wetu: Makumbusho ya Naturkunde, Berlin

Mama alipokuja Ujerumani kuniona kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemwandalia orodha ndefu ya mahali pa kumtembeza. Akaisoma yote, akavua miwani, akasema: "Haya mengine tutakwenda tukipata nafasi, mwanangu. Mimi nataka kumwona mjusi."

Kwa ambao hamtoki Lindi: mjusi anayesemwa hapa si yule wa ukutani anayekula mbu. Ni dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, kata ya Mipingo, enzi za Wajerumani, akasafirishwa kwa meli mpaka huku. Kwetu hana jina lingine. Ni mjusi tu, na habari zake hazikosi kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye kampeni za ubunge, hata ndani ya Bunge lenyewe. Nimezaliwa nazikuta, nimekua nazisikia. Na aibu yangu niitoe mapema: nakaa mtaa wa Wedding hapa Berlin, vituo vinne tu vya treni ya chini ya ardhi kutoka kwenye mlango wake, mwaka wa sita sasa, na nilikuwa sijawahi kukanyaga.

Basi Jumamosi moja ya Februari nikamvalisha mama koti langu la zamani juu ya gauni na khanga, ushungi, soksi mbili mbili, tukatoka. Kupotea ni kazi, kwa sababu kituo chenyewe kimeitwa kwa jina la makumbusho. Unapanda treni ya U6, unashuka Naturkundemuseum, unatembea kidogo mpaka Invalidenstraße namba 43. Jengo ni la mawe, la mwaka 1889, na lina sura ya ofisi kubwa ya serikali kuliko nyumba ya wanyama. Mama aliuliza kama tumekuja kulipa kodi.

Ukishakata tiketi huzungushwi. Wengine huanza kukupitisha kwenye vyumba vya mawe na ramani mpaka uchoke, ndipo wakuonyeshe ulichofuata. Hapa unaingia moja kwa moja kwenye ukumbi mkubwa wenye paa la kioo, na yeye yuko katikati, kichwa juu, kama anachungulia nje aone mvua imekatika.

Mama alisimama. Akanyanyua uso. Akaendelea kuunyanyua mpaka ushungi ukaanza kuteleza nyuma, nikaushika. Mita 13 na sentimita 27 kutoka sakafuni hadi utosini, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomshinda kwa urefu wa kwenda juu. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake unapita mita mbili, yaani mama yangu akisimama kando yake anabaki na nafasi ya kuweka ndoo ya maji kichwani na bado asifike mwisho.

Nilitegemea aseme "subhanallah" au anyamaze. Alisema: "Nani kawaambia huyu ni mjusi? Huyu si twiga?"

Nikacheka, halafu nikasoma, nikaacha kucheka. Jina lake la kitaalamu kwa sasa ni Giraffatitan brancai. Twiga jitu! Zamani aliwekwa kundi moja na Brachiosaurus, mnyama wa aina yake aliyepatikana Marekani, na ndivyo mtaalamu wa Kijerumani, Werner Janensch, alivyomwita mwaka 1914. Mwaka 1988 mtafiti mwingine akaona tofauti ni nyingi mno, akapendekeza jina la twiga, na miaka ya karibuni wengi wamekubali kwamba wa Lindi ni wa Lindi na wa Marekani ni wa Marekani. Kilichowapeleka kwenye twiga ndicho alichokiona mama kwa macho matupu: miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka, shingo inapanda. Mama aliishia darasa la saba, ila twiga amewaona Mikumi akiwa kwenye basi, na mtu aliyemwona twiga mara moja hamsahau.

Sasa niseme jambo ambalo wageni wengi hawalijui, na ni vizuri kulijua kabla ya kupiga picha na kuandika "mifupa halisi ya miaka milioni 150". Umri ni sahihi. Mifupa mingi ni halisi kweli, lakini si ya mnyama mmoja. Wameunganisha ya wanyama zaidi ya mmoja wa aina hiyo hiyo, kama fundi gereji anayejenga gari moja kutoka kwenye mawili yaliyokufa. Pingili za shingo na mgongo unazoziona juu ni za kuiga, kwa sababu zile za asili ni nzito na dhaifu, haziwezi kuning'inizwa. Kichwa kule juu nacho ni nakala. Nilipomweleza mama hayo alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe na yeye kawekewa vya bandia, kama goti la shangazi yako." Akaonekana kumpenda zaidi.

Kitu kingine cha kuangalia ni alivyosimama. Walipomsimamisha mara ya kwanza mwaka 1937, walimpanua miguu ya mbele nje nje, viwiko vimetoka kama mtu anayepiga pushapu, na mkia wakauburuza sakafuni. Ndivyo walivyodhani anatembea, kama kenge. Wakati wa vita kuu ya pili wakambomoa, wakamficha kwenye vyumba vya chini, na walifanya jambo la maana, maana Februari 1945 bomu liliangukia upande wa mashariki wa jengo ukawa kifusi. Baadaye elimu ikasonga. Walipofanya ukarabati mkubwa, wakamfungua upya mfupa kwa mfupa, na mwaka 2007 akarudi akiwa amenyooka: miguu chini ya mwili kama nguzo, mkia hewani. Huo mkia wa hewani ndio ulionifundisha kuliko vibao vyote. Mnyama ni yule yule, mifupa ni ile ile. Waliobadilika ni sisi tunaomtazama. Nikimwona mtu anabeza sayansi kwa kuwa "leo wanasema hivi, kesho vile", nitamleta hapa nimwonyeshe mkia.

Kuna pia darubini za kusimama nazo. Unazielekeza kwenye mifupa, unachungulia, na mifupa inaota nyama, inavaa ngozi, mnyama anaanza kutembea. Mama alichungulia, akaruka nyuma, akamkanyaga mtoto wa Kijerumani, akaomba radhi kwa Kiswahili. Mtoto akajibu kwa Kijerumani. Wakaelewana.

Usikubali jitu likumalize macho. Wengi wa hawa waliomzunguka ukumbini ni majirani zake, wamechimbwa Tendaguru hiyo hiyo. Mimi nilimpenda Kentrosaurus: ukubwa wake kama ng'ombe aliyerefushwa, mabamba mgongoni kwa mbele, na kuanzia kiunoni mpaka mkiani miiba mirefu, jozi jozi. Nungunungu wa chuma. Yupo Elaphrosaurus mwembamba wa kukimbia, amepewa jina la pili la tajiri aliyechangia fedha za uchimbaji. Yupo Dysalotosaurus, mla majani mdogo, na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Huyu mnyama wa watu, asiye na kosa, mwaka 1919 alibandikwa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani kwetu katika vita kuu ya kwanza, vita vilivyomaliza wapagazi wetu kwa njaa, magonjwa na uchovu. Sheria za majina ya kisayansi haziruhusu kulifuta kirahisi. Basi liko hapo.

Kwa upande wa pili, mwaka 2007 mtafiti mmoja alichukua pingili za shingo zilizokaa hapa tangu uchimbaji ule, akagundua ni za mnyama asiyejulikana, akamwita Australodocus bohetii. Hilo "bohetii" ni la Boheti bin Amrani.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Ukienda makumbusho haya bila kumjua Boheti, utakuwa umeona nusu. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru, fundi wa kuufukua mfupa uliopasuka vipande mia bila kuupoteza hata kimoja. Wajerumani waliokuja hawakuwa wamewahi kufanya kazi ya ukubwa ule. Yeye ndiye aliyekuwa mkono wao, na alikuwa na watu. Msimu wa kwanza, 1909, walikuwa kama 170. Mwaka uliofuata 400. Mwaka 1911 wakafika 500. Kumbuka miaka hiyo. Vita vya Majimaji viliisha 1907, kusini yetu imechomwa mashamba, watu wamekufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Mtu anayekubali kufukua mifupa juani kwa ujira mdogo katika hali hiyo, usiseme alikuja kwa kupenda visukuku.

Na mifupa haikujileta Lindi mjini. Hakukuwa na barabara ya gari, na wanyama wa mizigo hawakufaa kwa sababu ya ndorobo. Kwa hiyo vichwa na mabega ya watu, siku tatu hadi nne za kutembea mpaka bandarini. Nilikaa kwenye benchi pale ukumbini nikapiga hesabu kwenye simu. Iliyosafirishwa inapita tani 200. Mzigo wa mpagazi mmoja uwe kilo 30. Inatoka mizigo zaidi ya elfu sita na mia sita, kila mmoja una mtu chini yake, bila kuhesabu ile mifupa mikubwa iliyobebwa na watu kadhaa kwa pamoja. Nilimwonyesha mama ile namba. Aliuliza swali moja tu: "Na maji walikunywa wapi?" Kwa sababu yeye anaijua njia ile wakati wa kiangazi. Maji, nilimwambia, yalikuwa mbali, na yalibebwa vilevile.

Halafu kuna mianzi. Mwanzoni mifupa ilifungwa kwa plasta, ile ile ninayoijua hospitalini, ile tunayoiita hogo mtu akivunjika. Plasta inatoka ng'ambo, ina gharama. Wakageukia kilichopo: wakausuka mwanzi kuzunguka mfupa, wakajaza udongo mwekundu, likawa pipa gumu. Baadhi ya mapipa hayo yamekaa huku Berlin zaidi ya miaka mia bila kufunguliwa. Yaani ndani kuna mifupa ambayo aliyeiona mara ya mwisho ni mtu wa Lindi aliyeifunga. Wataalamu wameyapitisha mengine kwenye mashine ya kupiga picha kama zile za hospitali ili wajue kilichomo bila kukata kamba.

"Hilo si pipa," mama alisema nilipomwonyesha picha yake kwenye simu. "Hilo ni tenga. Tenga la kuku." Na ni kweli, ukiliona usukaji wake ni ule ule. Mjusi alisafiri kwenye tenga.

Nilimuuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kusema amebeba. Alifikiri. Alisema huenda, huenda hapana, wazee wake walizungumza zaidi habari za njaa na za kukimbia, habari za mifupa hawakuwa nazo. Nilitamani anipe hadithi. Hakunipa.

Tukatoka ukumbini tukaingia upande alipowekwa ndege. Na hapa ndugu zangu, kama una saa moja tu Berlin, kimbia uone jiwe hili. Ni bamba la chokaa kutoka Bavaria, si kubwa, unaweza kulifananisha na sinia. Ndani yake amelala Archaeopteryx, mabawa wazi, shingo imepinda nyuma, na kuzunguka mifupa imebaki alama ya kila unyoya kana kwamba jana alianguka kwenye tope. Ukubwa wake kunguru. Ana manyoya ya ndege. Ana meno ya mjusi. Ana kucha tatu kwenye bawa na mkia mrefu wa mifupa, ambao hakuna ndege wa leo mwenye nao. Amewekwa peke yake nyuma ya kioo, na watu wakifika hapo wanapunguza sauti bila kuambiwa.

Inasimuliwa kwamba aliyeliokota jiwe hilo miaka ya 1870 alilitoa kwa bei ya ng'ombe mmoja. Miaka michache baadaye lilifika hapa kwa mark 20,000, fedha za tajiri Siemens. Mama, ambaye amewahi kuuza mnazi wa urithi kwa hasara, alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Kilichonishika ni umri. Kama milioni 150. Ni nyakati zile zile za mjusi wetu. Wakati jitu lile linavunja matawi kusini mwa Tanzania, sehemu ya karibu na bahari, maana kati ya tabaka za mifupa ya Tendaguru kuna tabaka za kombe na konokono wa baharini, huku kaskazini kiumbe mdogo alikuwa anajaribu mabawa. Leo jitu halipo. Huyu mdogo, au ndugu zake wa karibu, ndio walioacha wajukuu. Darwin alitoa kitabu chake mwaka 1859 akilalamikiwa kwamba viumbe vya katikati haviko, na miaka miwili tu baadaye ndege wa kwanza wa aina hii akatangazwa. Mambo mengine yana bahati ya majira.

Nilimweleza mama kwa Kiswahili cha nyumbani: wataalamu wanasema ndege wote, pamoja na kuku wako, ni ukoo wa dinosaria. Nilijiandaa kwa mabishano. Mama ni mtu wa swala tano. Lakini mama pia amefuga kuku wa kienyeji maisha yake yote, amewachinja, amewanyonyoa, amewapasua. Alikaa kimya, akainama karibu na kioo, akaangalia mguu wa yule ndege. Akasema: "Miguu ya kuku ina magamba. Nimejiuliza siku zote magamba ya nini." Baadaye kidogo akaongeza, "Mungu hana haraka." Nilipotaka kuendelea na somo akanizuia kwa mkono. Alishapata chake.

Kwingine nitapita haraka maana na sisi tulipita haraka. Ukuta wa viumbe, wanyama kama elfu tatu wamepangwa pamoja kwenye kioo kimoja, kaa na chui na kipepeo bega kwa bega: mzuri wa picha, watoto hawataki kuondoka. Chumba cha sayari kina kiti cha duara cha kujilaza, unaangalia juu jinsi ulimwengu ulivyoanza. Mama alijilaza, ulimwengu ukaanza, yeye akalala. Dakika ishirini. Hakuna aliyemsumbua, na kwa hilo nawapa heshima zote. Bobby, sokwe mkubwa aliyeletwa mtoto akalelewa kwenye bustani ya wanyama ya Berlin hadi akafa mwaka 1935, amekaushwa kwa ustadi wa kutisha, macho yanakufuata. Sikukaa naye. Yupo na Knut, dubu mweupe aliyelelewa kwa chupa, Wajerumani wanasimama mbele yake kama wanaomboleza ndugu.

Na ile nyumba ya chupa. Upande uliopigwa bomu uliachwa gofu miaka mingi, ukajengwa upya na kufunguliwa 2010, na sasa ndani yake kuna sanduku la kioo la ghorofa kadhaa lenye chupa 276,000 za samaki, nyoka, mijusi na chura, wote wamelala kwenye spiriti, taa zinawapiga kwa nyuma, rangi ya asali. Unazunguka tu kwa nje. Nililiona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona ndani ya jengo. Mama aliliona tofauti: "Samaki wote hawa, na hakuna hata mmoja wa kukaanga."

Chai tulikunywa mtaa wa pili, kwenye mkahawa ambao sitautaja. Maji ya uvuguvugu, kifuko kando, euro nne. Bebeni thermosi.

Sasa nyota. Natoa nne kati ya tano, na nieleze ile ya tano iko wapi, maana si kosa la wahudumu wala la choo.

Tulipokuwa tunarudi kwenye treni nilimuuliza mama swali ambalo Lindi nzima inauliza: arudishwe? Nilidhani najua jibu lake. Kumbe alikuwa anafikiria paa. "Akirudi ataezekwa nini? Ukumbi ule unamtosha kwa kuwa ulijengwa na watu wenye pesa. Sisi hospitali yenyewe inavuja." Hoja hiyo hata serikali yetu imekuwa ikiitoa kwa maneno ya kitaalamu zaidi: gharama, utunzaji, uhafifu wa mifupa. Mimi nina jibu dogo: mwaka 1984 huyu huyu alifunguliwa, akapakiwa, akapelekwa kuonyeshwa Tokyo, akarudi salama. Anaweza safari. Lakini sikumbishia mama, kwa sababu pale ukumbini nilikuwa nimeshabadilisha mawazo kwa namna yangu.

Mimi simdai tena jitu. Nadai matenga. Yale mapipa ya mianzi ambayo hayajafunguliwa. Yapakiwe kama yalivyo, na udongo wake mwekundu, yaletwe Lindi, na yafunguliwe Lindi, mbele ya watu, na vijana wetu waliosomea kazi hiyo, na Wajerumani wakae kando washauri. Vijana tunao. Wanyama wa kale wanaogunduliwa kwetu siku hizi wanapewa majina ambayo hata mama anayaelewa: Shingopana wa Songwe, na yule mwingine wa mto Mtuka aliyeitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Ukitaka kuona tumetoka wapi, lisome jina la yule jenerali, kisha lisome hili. Siku tenga la kwanza litakapofunguliwa Lindi, nitarudi hapa kuiongeza hiyo nyota.

Kwa mnaokuja: tulilipa euro 11 kwa mtu mzima siku yetu, angalieni bei kabla ya kutoka. Jumanne hadi Ijumaa wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi na Jumapili saa nne, wanafunga saa kumi na mbili jioni. Jumatatu huwa hawafungui. Wikiendi watoto ni wengi na kelele, kwa hiyo kama unaye mzee, njoo Jumatano asubuhi. Msomeni Boheti kabla hamjaja. Dukani mtoto atataka mdoli wa dinosaria. Nilinunua wanne kwa ajili ya wajukuu wa mama, na jioni ile nikamkuta amempanga yule mrefu dirishani, kichwa nje, anampiga picha ya kuwatumia majirani Lindi. Chini ya picha aliandika: "Nimemwona. Ni twiga."